PASI YA NYWELE ICHAGULIWE KWA AKILI, SI KWA AIBU

Leo twaomba ruhusa tuzungumze jambo ambalo baadhi yenu mtasema halifai katika gazeti la chama. Jambo lenyewe ni nywele, na hasa vyombo na dawa za kunyooshea nywele. Msicheke. Mtu asiyejua kinachowekwa juu ya kichwa chake, atajuaje kinachowekwa ndani yake?

Majuzi tulikuwa katika mkutano wa vijana wa tawi moja. Dada mmoja alisimama kuomba kura za ukatibu. Nywele zake zilikuwa zimenyooshwa. Kabla hajamaliza sentensi ya pili, kijana mmoja aliyekaa nyuma alipaza sauti: "Kaa chini, dada, kwanza urudishe nywele za Mwafrika!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Dada yule hakukaa. Alisema yote aliyokuja kuyasema, habari za ada za wanachama na daftari la tawi lisilokaguliwa, kisha akarudi mahali pake. Kura hazikutosha.

Baada ya mkutano tulimfuata kumpa pole. Akatuonyesha panja zake. Pande zote mbili nywele zilikuwa zimekatika, zimebaki vijiti vifupi kama brashi iliyochakaa. Alituambia kwamba alinunua pasi ya nywele kwa kuwa mwenzake kazini anayo ya namna hiyo. Haina kipimo cha joto, ina swichi ya kuwasha na kuzima tu. Kila alfajiri huipitisha mara nne au tano pahali pale pale, juu ya nywele ambazo tayari zilikwisha kutiwa dawa ya kulainisha. Tukamwuliza kama kuna mtu aliyepata kumweleza hatari yake. Akajibu, "Wa kunicheka ni wengi, ndugu zangu. Wa kunifundisha sijamwona."

Maneno hayo ndiyo yaliyotushikisha kalamu.

Twaona dada huyu amefanyiwa makosa mawili. La kwanza limefanywa na dukani walikomwuzia chombo bila neno moja la maelezo. La pili limefanywa na sisi wenyewe, wenzake katika chama, tuliomhukumu bila kumwelimisha. Mwenye duka alimtaka anunue bila kuuliza. Kijana wa nyuma alimtaka atii bila kuuliza. Wote wawili wamekutana mahali pamoja, napo ni kumfanya mwanamke asijue.

Na jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na nguo za kubana. Kazi hiyo ikaitwa Operesheni Vijana, nayo ilipangwa kuanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Nia yake twaifahamu: watu waliotoka katika kutawaliwa walitaka kujiheshimu. Lakini ni nani aliyelipa gharama ya heshima hiyo? Walikuwa wanawake, ambao walizongwa na vijana barabarani pale Kariakoo wakiwa katika safari zao. Mawigi je, yalikwisha? Pita leo katika mitaa hiyo hiyo ya Kariakoo uyahesabu madirishani. Fimbo yaweza kuinamisha kichwa, lakini haiwezi kukifundisha.

Wala hatusemi kwamba aibu haipo. Ipo, na ina mizizi. Tangu utotoni tumesikia nywele za singa zikiitwa nzuri na za kipilipili zikiitwa ngumu, chafu, zisizochanika. Hakuna mtoto aliyezaliwa na maneno hayo mdomoni, aliyakuta. Ndugu zetu weusi wa Marekani waliyakuta pia. Malcolm X ameeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1965, jinsi alivyoungua kichwa alipokuwa kijana kwa dawa yenye kostiki soda, ili tu nywele zake zilale, na jinsi alivyokuja kuliona jambo hilo baadaye kuwa hatua ya kwanza ya kujidhalilisha. Tunalikubali fundisho lake. Lakini tukumbuke kwamba alijihukumu yeye mwenyewe, baada ya kujua. Hakuzomewa na ukumbi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni la kila mtu na nafsi yake: nanyoosha kwa nini? Ikiwa jibu ni kwamba usiponyoosha hutapewa kazi, basi adui si pasi wala si dada huyo. Adui ni mwajiri mwenye kanuni hiyo, na chama kiende kikapambane naye. Ikiwa jibu ni kwamba wapenda tu, kama apendaye kusuka twende kilioni au kunyoa kipara, basi kichwa ni chako, nasi hatuna amri juu yake. Tuna wajibu mmoja tu: usiungue kwa kutojua.

Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu huanza na kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukishika. Basi ung'oe unywele mmoja uushike. Ule ulio nje ya ngozi hauna uhai. Hauna damu, haujitibu. Ukiungua umeungua, na hakuna mafuta yatakayoufufua, tangazo liseme litakavyosema. Ulio hai ni mzizi wake tu, nao husukuma nje kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, na kwa nywele za kipilipili mara nyingi chini ya hapo. Aliyeharibu nywele za sentimita 10 ameharibu kazi ya miezi kumi au zaidi.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi zake hushikana kwa vifungo vya namna mbili. Viko vifungo vyepesi, ambavyo hufunguliwa na maji au joto kisha hurudi. Viko vifungo vizito, ambavyo hufunguliwa na dawa kali tu. Pasi ya nywele hufungua vile vyepesi. Ndiyo maana nywele zilizopigwa pasi hunyooka mpaka zinapopata maji, jasho au hewa ya unyevu, kisha hujikunja tena. Dawa ya kulainisha hufungua vile vizito, na sehemu hiyo ya nywele hairudi tena. Wa kungoja ni unywele mpya tu.

Hapa mtu wa Pwani apate funzo. Dar es Salaam, Tanga na Mtwara hewa ina unyevu mwingi. Dada anaponyoosha nywele asubuhi na kuziona zimejikunja saa sita, hudhani pasi yake ni dhaifu, akaongeza moto. Kumbe kilichozirudisha ni hewa ya bahari. Hata angeongeza moto mara mbili, hewa ni ile ile. Kitakachopungua ni nywele. Mwenzake aliyeko penye baridi na ukavu huenda akakaa siku kadhaa kwa pasi moja ya joto la chini.

Sasa tufike kwenye aina za nywele. Watu wengi huishia kusema singa au kipilipili. Hiyo haitoshi. Yapo mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni mkunjo: unywele umenyooka, una mawimbi, au umejizungusha. La pili ni unene wa unywele mmoja mmoja. Uweke baina ya kidole gumba na cha shahada uuzungushe. Usipousikia, ni mwembamba. Ukiusikia kama uzi wa kushonea, ni mnene. La tatu ni afya yake. Ulowe maji, uvute polepole. Ukinyumbuka kisha ukarudi, ni mzima. Ukikatika mara moja, umechoka, na unywele uliochoka hauhitaji pasi ya aina yoyote mpaka upumzike.

Na hapa twataka kuvunja uongo mmoja mkubwa. Watu husema nywele za kipilipili ni ngumu, kwa hiyo zataka moto mkali. Si kweli kwa kila kichwa. Wako wengi wenye kipilipili ambao unywele wao mmoja mmoja ni mwembamba sana. Wingi wake na mkunjo wake ndio unaodanganya mkono. Tena kila mahali unywele unapojikunja pana udhaifu, na mafuta ya ngozi ya kichwa hayateremki vizuri katika njia yenye kona nyingi, kwa hiyo huwa mkavu. Unywele uliotukanwa kwamba ni mgumu, kwa kweli unahitaji upole zaidi. Tazameni jinsi tusi linavyoweza kumponza mtu: ameambiwa ni mgumu, naye akajichoma kama mgumu.

Tukija kwenye kuchagua pasi yenyewe, twashauri haya.

Kwanza, usinunue pasi isiyo na kipimo cha joto. Pasi ya swichi moja ina moto mmoja, na mara nyingi moto huo umewekwa kwa nywele nene kuliko zote. Mwenye nywele nyembamba, zilizotiwa rangi au dawa, asivuke nyuzi 150 za Selsiasi. Mwenye nywele za kati aende kati ya 150 na 180. Mwenye nywele nene, nzima, zenye mkunjo mwingi, aweza kufika 180 hata 200. Kupita hapo protini yenyewe huanza kuharibika, hata kama pasi imeandikwa kwa majivuno kwamba yafika 230. Gari pia laweza kwenda kasi kuliko barabara inavyoruhusu.

Pili, tazama mabamba. Mabamba ya kauri hupata joto polepole na kulisambaza sawasawa, nayo yawafaa watu wengi, hasa wenye nywele nyembamba au zilizochoka. Mabamba ya titani hushika moto upesi na kuutoa kwa nguvu. Yafaa nywele nene na mkono wa msusi aliyezoea, lakini kwa anayejifunza ni hatari. Yako pia ya bati lililopakwa rangi ya kauri juu tu. Rangi ikibanduka, chuma hukwaruza na kuchoma madoa madoa. Pitisha ukucha na jicho kabla ya kulipa.

Tatu, upana. Kwa nywele fupi, au kipilipili kinachotakiwa kushikwa karibu na shina, bamba la kama sentimita 2.5 latosha. Kwa nywele ndefu na nyingi, sentimita 4 au 5 hupunguza kazi. Bamba pana kwenye nywele fupi huishia kuchoma sikio na shingo.

Nne, umeme. Umeme wetu wa Tanzania ni volti 230. Ndugu aliyeko Marekani anapokuletea zawadi ya pasi, soma maandishi yake. Kama imeandikwa 120 peke yake, ukiichomeka hapa itaungua, au itakuunguza wewe. Iliyoandikwa 100 mpaka 240 haina taabu.

Tano, matumizi. Nywele zikauke kabisa kwanza. Maji yaliyomo ndani ya unywele yakipata moto wa pasi huchemka na kuupasua kwa mapovu ambayo hayaonekani kwa macho. Paka dawa ya kukinga joto, shika fungu dogo, pitisha mara moja, ikibidi mara mbili. Dada yetu wa tawini alipitisha mara tano kwa sababu alishika fungu kubwa, na moto haukufika ndani.

Na wale wanaotumia kitana cha moto, kile cha chuma kinachowekwa juu ya jiko la mkaa? Hatuwadharau, mama zetu walikitumia, na si kila nyumba ina umeme. Lakini mkaa hauna kipimo. Wasusi wazoefu hukigusisha kwanza kwenye kitambaa cheupe au karatasi. Ikiwa alama ya kuungua yatokea, hungoja kipoe. Wala usipake mafuta mengi karibu na ngozi ya kichwa kabla ya kukipitisha, maana mafuta hupata moto na kuteremka yakichoma ngozi.

Kuhusu dawa za kulainisha, maneno yetu ni makali zaidi. Nyingi zina kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Nyingine huuzwa kwa sifa kwamba hazina soda hiyo. Hizo hutumia dawa ya jamii ya chokaa inayochanganywa na nyingine kabla ya kupakwa. Zaweza kupunguza muwasho, lakini nguvu yake ya kuunguza bado ipo, tena hukausha nywele. Usipake kwenye ngozi yenye kidonda au mikwaruzo. Usirudie juu ya nywele zilizokwisha kulainishwa. Zipakwe zilizoota tu. Kichwa cha mtoto kisiguswe kabisa na dawa hizo.

Mwezi Oktoba 2022 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 33,497 waliofuatiliwa karibu miaka 11. Walikadiria kwamba kwa wasiotumia dawa za kunyoosha, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kabla ya kutimiza miaka 70. Kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Uchunguzi wa namna hiyo haujathibitisha kwamba dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa, nasi hatupendi kuwatisha watu kwa kusema zaidi ya kilichosemwa. Lakini hesabu hiyo yatosha kumfanya mtu mwenye akili apunguze. Ziko pia zile dawa za keratini za saluni, ambazo baadhi yake zikipigwa pasi hutoa moshi wa fomalidehaidi, kitu ambacho Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikitangaza mwaka 2004 kuwa huleta saratani kwa binadamu. Mvutaji mkubwa wa moshi huo si mteja anayekuja mara moja kwa miezi mitatu. Ni msusi, anayesimama mle ndani kutwa nzima, dirisha limefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Huyo naye ni mfanyakazi. Ni nani katika chama chetu aliyepata kwenda kumwuliza habari za kifua chake?

Tunajua litakalosemwa. Ndugu mmoja atatuandikia kwamba tumegeuka mawakala wa pasi, na kwamba chama cha ukombozi hakipaswi kumfundisha mwanamke kujichoma vizuri. Twamjibu kwa heshima. Nasi twatamani siku ambayo nywele za kipilipili zitakaa juu ya kichwa cha katibu, mwalimu, hakimu na mtangazaji, bila mtu kuzitupia jicho. Twatamani kila msichana asikie nywele zake zikisifiwa kabla hajaijua pasi. Siku hiyo italetwa na walimu, wazazi na viongozi watakaoacha maneno ya aibu, tena waanze nyumbani mwao. Haitaletwa na kijana anayemzomea dada mkutanoni, kisha jioni akatafuta mchumba mwenye nywele za singa. Nanyi mwawajua vijana wa namna hiyo.

Basi twapendekeza mambo machache. Kila tawi la kina mama lialike msusi mzoefu na mwuguzi, jioni moja tu, waonyeshe kwa mikono haya tuliyoyaandika. Wanunuzi waulize dukani: joto lake ni kiasi gani, volti ngapi, bamba la nini? Mwenye duka akishindwa kujibu, ondokeni na fedha zenu. Fedha ina sauti kuliko matusi. Tudai maelezo ya hatari yaandikwe kwa Kiswahili juu ya kila kopo na kila sanduku, maana haifai mtu aungue kwa lugha asiyoisoma. Na wenyeviti wa mikutano wamnyamazishe mara moja yeyote anayejibu hoja ya mwanamke kwa kutaja kichwa chake.

Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Dada yule wa tawini alikuja na habari ya daftari lisilokaguliwa. Hadi leo hakuna aliyelikagua. Sote tulikuwa tukitazama nywele.

Uhuru na Elimu!